Ping inafika, programu haifiki: sifuri mbili zilizopoteza mizani

SWALI: Mtaalamu, shikamoo. Ninatunza programu ya mizani katika kiwanda cha kukoboa kahawa hapa Moshi. Iliandikwa kwa lugha ya C na mtangulizi wangu, nayo inaendeshwa kwenye kompyuta ya Windows XP ambayo kwa sasa hatuwezi kuibadilisha kwa sababu ya kadi ya mashine iliyomo ndani yake. Mwezi uliopita ruta ilibadilishwa, na mtandao wote ukahama kutoka 192.168.1 kwenda 192.168.10. Nimerekebisha anwani za mizani zote tatu katika faili la mipangilio; zamani zilikuwa 192.168.001.005, 006 na 007, na sasa mstari wa kwanza ni MIZANI1=192.168.010.025:4001. Programu inangoja kama sekunde ishirini, kisha inatoa kosa namba 10060. Nikiandika ping 192.168.10.25 kwenye kompyuta ileile, mizani inajibu mara moja. Faili la kumbukumbu linaonyesha anwani ya kompyuta na anwani ya mizani kuwa ni moja. Nilipoondoa inet_addr nikaweka inet_pton kama kompaila ilivyonishauri, programu iligoma hata kufunguka. Je, tatizo ni ruta, ni XP, au ni mimi?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Umefanya jambo moja ambalo wengi huliacha, nalo ni kuninakilia mstari wenyewe wa faili la mipangilio badala ya kunieleza kwa maneno yako. Kwani ungeeleza kwa maneno ungeandika 192.168.10.25, nami ningekuwa bado ninapapasa gizani pamoja nawe. Mstari wako unasema 192.168.010.025. Sifuri hizo mbili, moja iliyotangulia kumi na nyingine iliyotangulia ishirini na tano, ndizo zinazoipeleka programu yako kwenye anwani 192.168.8.21, ambako kiwandani kwenu hakuna kitu chochote.

Kitendakazi inet_addr, kinachogeuza anwani iliyoandikwa kuwa namba ya kompyuta, hakikubuniwa na Microsoft. Kilitoka katika soketi za Unix ya Berkeley, toleo la 4.2BSD la mwaka 1983, na waliotunga Winsock, maktaba ya mtandao ya Windows, miaka kumi baadaye wakakichukua pamoja na tabia zake zote. Tabia mojawapo ni kusoma kila sehemu ya anwani kama vile lugha ya C inavyosoma namba katika msimbo: sehemu ikianza na 0x huchukuliwa kuwa ya msingi wa kumi na sita, ikianza na sifuri huchukuliwa kuwa ya msingi wa nane, na isipoanza na chochote kati ya hivyo ndipo husomwa kwa msingi wa kumi tuliouzoea. Kwa msingi wa nane, 010 ni nane moja bila nyongeza, yaani 8, na 025 ni nane mbili na tano juu yake, yaani 21. Sehemu mbili za mwanzo, 192 na 168, hazikuguswa kwa kuwa hazina sifuri mbele.

Utauliza mbona programu hiyohiyo ilipima kahawa misimu yote hiyo bila kulalamika. Jibu limo katika anwani zako za zamani. Namba kuanzia sifuri hadi saba zina thamani moja katika misingi yote miwili, kwa hiyo 001 ilikuwa 1, na 005, 006 na 007 zilikuwa 5, 6 na 7, ziwe zimesomwa kwa msingi wa nane au wa kumi. Mtangulizi wako alipenda safu za faili lake zinyooke, akajaza sifuri ili kila sehemu iwe na tarakimu tatu, na bahati ikamlinda kwa sababu hakuwahi kuvuka saba. Ruta mpya haikuharibu kitu. Imekuhamishia tu kwenye namba ambazo kosa la zamani haliwezi tena kujificha ndani yake.

Usiniamini kwa maneno matupu. Fungua dirisha la amri kwenye kompyuta hiyo ya XP, uandike ping 192.168.010.025 pamoja na sifuri zake, kisha usome mstari wa kwanza wa majibu, unaotaja anwani ambayo amri imeielewa. Utaona 192.168.8.21. Ping uliyoiandika awali ilifika kwa sababu mkono wako, kama wa mtu yeyote, uliandika anwani bila sifuri. Ukadhani unajaribu anwani ileile ambayo programu inaitumia, kumbe ulikuwa unajaribu nyingine. Nimekwisha kuona watu wakibadilisha swichi na kebo kwa sababu ya tofauti hiyo moja. Jaribio la mtandao lina maana pale tu linapotumia maandishi yaleyale, herufi kwa herufi, ambayo programu inayatumia, na njia ya uhakika ni kuyanakili kutoka kwenye faili na kuyabandika, si kuyachapa upya.

Shahidi wa pili ni netstat, amri inayoorodhesha miunganisho ya mtandao ya kompyuta. Anzisha programu, na wakati inangoja, andika netstat -ano katika dirisha la pili. Kwenye orodha utatafuta mstari wenye hali ya SYN_SENT, maana yake kompyuta imebisha hodi na bado haijaitikiwa, na safu ya anwani ya mbali itakuonyesha ni mlango wa nani unaobishwa. Herufi o ya mwisho huongeza namba ya mchakato, ili usichanganye programu yako na nyingine. Ninaipenda netstat kuliko faili lolote la kumbukumbu kwa sababu haisomi faili la mipangilio wala haijui ulichokusudia; inaonyesha kile ambacho mfumo endeshi umekabidhiwa. Una takribani sekunde 21 za kuitazama, kwani XP hutuma ombi la kwanza, ikasubiri sekunde 3, ikarudia na kusubiri 6, ikarudia tena na kusubiri 12, ndipo inakata tamaa na kukupa 10060. Hizo ndizo sekunde ishirini ulizozihesabu wewe.

Hapa ndipo namba ya kosa inapokuwa na habari ambayo wengi huipita. Kosa 10060 linamaanisha kwamba hakuna aliyejibu. Laiti ombi lingefika kwenye mizani na kukuta poti, yaani namba ya mlango kama 4001 yako, imefungwa, ungepata 10061, yaani kukataliwa, tena papo hapo. Na kama programu ingejaribu kujifunga kwenye anwani ambayo si ya kompyuta hiyo, jambo linalotokea sana baada ya kuhama mtandao pale anwani ya zamani ya kompyuta inaposalia mahali fulani katika mipangilio, ungepata 10049. Kimya cha sekunde 21 kinakuambia kwamba pakiti imekwenda mahali pasipo mtu, na swali linalofuata ni kwa nini imekwenda huko. Katika mtandao wenu, ikiwa barakoa ya mtandao, inayoamua anwani zipi ni za ndani, ni 255.255.255.0 kama ilivyo kwenye ruta nyingi za aina hiyo, anwani 192.168.8.21 iko nje ya mtandao wa 192.168.10, kwa hiyo XP haikuitafuta kwenye swichi bali iliipa ruta ili iipeleke nje, na huko nje anwani za namna hiyo hazina mwenyewe.

Sasa nije kwenye faili lako la kumbukumbu, kwa sababu ndilo lililokunyima jibu ambalo ungelipata siku ya kwanza. Sijaona msimbo wake, lakini dalili ya anwani mbili kuwa moja ni maarufu kiasi kwamba ninaweza kukueleza mstari ulivyo: mtangulizi wako ameita inet_ntoa, kinachogeuza namba ya anwani kuwa maandishi, mara mbili ndani ya printf au fprintf moja, mara kwa anwani ya kompyuta na mara kwa anwani ya mizani. Kitendakazi hicho hakikupi maandishi yako mwenyewe. Kinaandika jibu kwenye sehemu moja ya kumbukumbu ya kompyuta inayomilikiwa na Winsock, kisha kinakurudishia mahali ilipo. Kila uzi (thread) wa programu una sehemu yake moja tu. Mwito wa pili unafuta jibu la ule wa kwanza, na printf inapokuja kusoma inakuta jibu moja na kulichapa mara mbili. Ni lipi litakalosalia hutegemea kompaila imeanza kutathmini upande gani, na lugha ya C haikuilazimisha kufuata utaratibu wowote. Kwako imesalia anwani ya kompyuta, na ile 192.168.8.21 ambayo ingekugutusha mara moja ikafutwa kabla hujaiona. Dawa yake ni kuita inet_ntoa mara moja, kunakili maandishi hayo kwenye safu yako mwenyewe yenye nafasi ya herufi 16, na ndipo uiite tena.

Kuhusu inet_pton, kitendakazi kipya zaidi cha kazi ileile, kompaila ilikushauri vyema kwa ajili ya kompyuta iliyo mbele yako na vibaya kwa ajili ya kompyuta iliyoko kiwandani. Bila shaka unatumia Visual Studio ya miaka ya karibuni, ambayo hutoa onyo C4996 kila inapoona inet_addr. Lakini inet_pton iliingia katika WS2_32.dll, faili la Windows lenye vitendakazi vya mtandao, kuanzia Windows Vista; ndani ya XP haimo kabisa. Windows hutafuta vitendakazi vyote ambavyo programu imeviorodhesha kabla haijatekeleza hata mstari mmoja, na ikikosa kimoja huifunga programu nje na kuonyesha kisanduku kinachosema kwamba mahali pa kuingilia inet_pton hapakupatikana. Ndiyo maana haikufunguka hata kidogo, na ndiyo maana kusaka kosa ndani ya msimbo wako kungekuwa kazi bure.

Ili usinaswe tena na mtego wa namna hiyo, tangaza _WIN32_WINNT kuwa 0x0501, ambayo ndiyo namba ya XP, kabla ya kuingiza faili lolote la vichwa la Windows. Vichwa vyenyewe vitaanza kukuficha mambo ya Vista na kuendelea, na kosa litajitokeza mezani kwako wakati wa kukusanya programu badala ya kujitokeza mbele ya msimamizi wa ghala. Utahitaji pia zana za kukusanyia zinazolenga XP, zile zinazoitwa v141_xp, ambazo zilikuja na Visual Studio 2017.

Kwa tatizo lenyewe, njia ya haraka ni kufuta sifuri katika mistari mitatu ya faili la mipangilio, na leo hii fanya hivyo ili kahawa ipimwe. Hata hivyo usiishie hapo, kwa sababu siku moja mtu mwingine atapenda safu zinyooke. Isitoshe, inet_addr ina ukarimu mwingine unaonitia wasiwasi zaidi ya huo wa sifuri: ukimpa mtu kazi ya kuandika anwani naye akasahau sehemu moja, akaandika 192.168.10 peke yake, kitendakazi hicho hakitalalamika bali kitaisoma kama 192.168.0.10. Ndiyo sababu ninapendelea kuisoma anwani kwa mkono wangu, hivi:

unsigned int a, b, c, d;
char ziada;
if (sscanf(maandishi, "%u.%u.%u.%u%c", &a, &b, &c, &d, &ziada) != 4)
    return 0;
if (a > 255 || b > 255 || c > 255 || d > 255)
    return 0;
anwani->s_addr = htonl((a << 24) | (b << 16) | (c << 8) | d);
return 1;

Mstari wa masharti unadai sehemu nne kamili, wala zisizidi wala zisipungue, na ile herufi ya ziada ipo ili kukamata takataka zinazofuata nyuma ya anwani, kama nafasi tupu iliyosahaulika mwishoni mwa mstari. Kwa kuwa mstari wako umebeba na poti baada ya nukta mbili, itenge kwanza, kisha upitishe anwani peke yake. Zingatia kwamba nimetumia %u na si %i, kwani %i nayo husoma sifuri ya mbele kama msingi wa nane, na ungekuwa umelikimbia tatizo mlangoni na kulikuta dirishani. Kitendakazi kikirudisha 0, programu iseme wazi ni mstari upi wa faili ulioikwaza, iuchape kama ulivyo ndani ya alama za kunukuu, na isimame hapo.

Kwa kuwa utakuwa unaishika sehemu hiyo ya msimbo, tazama na poti. Kompyuta yenu huhifadhi namba kwa kuanza na baiti ndogo, ilhali mtandao unataka baiti kubwa itangulie, na kazi ya kuzigeuza ni ya htons. Anayeisahau hapati onyo lolote. Hili nalijua kwa gharama: miaka kadhaa iliyopita, katika ghala moja hapa Arusha, upande wa Unga Limited, nilikaa siku mbili nikibadilisha kebo na kuilaumu swichi, kwa sababu programu niliyoiandika mwenyewe ilikuwa haifiki kwenye kifaa kilichosikiliza poti 4001. Siku ya pili jioni ndipo nilipotazama netstat na kukuta programu inabisha poti 41231. Nilichukua kalamu: 4001 ni 15 mara 256 kujumlisha 161, na ukiipindua inakuwa 161 mara 256 kujumlisha 15, ambayo ni 41231. Fundi wa kebo aliyekuwa nami hakusema neno, lakini alinitazama kwa namna ambayo bado ninaikumbuka. Tangu hapo, nikiona poti ya ajabu kwenye netstat huipindua kwanza kabla ya kumsumbua mtu.

Yapo mambo ambayo utashauriwa kuyachunguza na ambayo, kwa dalili ulizonipa, ningeyaacha. Ukuta wa kinga wa XP, ambao Service Pack 2 ya mwaka 2004 iliuwasha bila kuulizwa, huzuia miunganisho inayoingia. Yako inatoka, kwa hiyo haukuhusu mpaka siku mizani zitakapokuwa ndizo zinazopiga simu. IPv6 nayo haimo ndani ya XP mpaka uisimike kwa makusudi. Majina ya kompyuta na DNS hayahusiki kabisa, kwani faili lako linatumia namba.

Lakini jambo moja la ruta mpya litakusumbua baadaye usipolishughulikia sasa. Ruta hugawa anwani kwa simu na kompyuta zinazoingia, na usipoitengea mizani nafasi yake, asubuhi moja baada ya umeme kukatika na kurudi simu ya mtu inaweza kupewa 192.168.10.25 kabla mizani haijaamka. Dalili zake huwa za kuchanganya: ping inajibiwa, kwa sababu simu inajibu, lakini programu inapata 10061. Andika sasa hivi, wakati kila kitu ni kizima, matokeo ya arp -a, amri inayoonyesha namba ya kifaa ya kila anwani, baada ya kuipigia ping kila mizani, uyabandike kwenye ukuta kando ya kompyuta. Siku ya mashaka utalinganisha namba ya kifaa yenye jozi sita na ile ya ukutani, na utajua mara moja kama anayejibu ni mizani au ni mgeni. Kisha ingia kwenye ruta na uhakikishe kwamba masafa ya anwani inazogawa hayagusi 25 na nyingine mbili ulizozichagua.

Mwisho nina ombi ambalo huenda litakushangaza. Fungua mipangilio ya mtandao ya kompyuta hiyo ya XP, uipe anwani ya kudumu, na uache wazi nafasi ya lango la kutokea nje, yaani ile ya anwani ya ruta. Microsoft iliacha kuihudumia XP tarehe 8 Aprili 2014, kwa hiyo haina haki ya kutembea kwenye intaneti, na mizani zako zote ziko kwenye swichi ileile, hazihitaji ruta ili kufikiwa. Faida ya pili ndiyo inayohusu swali lako: kompyuta isiyo na lango ikiambiwa iende 192.168.8.21 haina wa kumkabidhi pakiti, kwa hiyo badala ya kungoja sekunde 21 kwa ukimya itakataa papo hapo kwamba haina njia ya kufika huko, na siku hiyo ungekuwa umeitazama anwani yenyewe badala ya kuitazama ruta.